Gari Lisilo na Dereva na Msukuma Mkokoteni

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli yake iliyotundikwa mifuko, mahali ambapo hapakuwa na kivuko cha waenda kwa miguu. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, lililokuwa likijiendesha wakati huo, lilimgonga na kumwua. Nimeirudia habari ya ajali hiyo mara nyingi, kwa sababu kila ninapoisoma namwona msukuma mkokoteni wa Kariakoo.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipochunguza, ilibaini kwamba vifaa vya gari vilimnasa mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Gari lilimwona, ila halikumjua. Programu ilimhesabu kwanza kuwa ni gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, ikawa inabadilibadili, na kila ilipompa jina jipya ilifuta kumbukumbu ya alikotoka, kwa hiyo ikashindwa kukisia anakoelekea. Isitoshe, haikuwa imefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na kivuko. Breki ya dharura ambayo gari lilitoka nayo kiwandani ilikuwa imezimwa ili isigongane na mfumo wa kujiendesha, na aliyeketishwa kwenye usukani kulisimamia gari alikuwa ameinamia simu.

Sasa mfikirie msukuma mkokoteni. Aliyewahi kupita Kariakoo alfajiri anakijua chombo chenyewe: mbao kadhaa, magurudumu ya gari lililokwisha kufa, na juu yake magunia ya viazi au magodoro yaliyopangwa mpaka yakamficha anayeyasukuma. Dereva wa daladala akiona magunia yanatembea, hahitaji kuambiwa kwamba nyuma yake yupo mtu, na kwamba mtu huyo akiwa kwenye mteremko hawezi kusimama ghafla hata akipigiwa honi. Anajua pia kwamba kijana aliyesimama pembeni na beseni la karanga atakimbilia dirisha la basi mara tu basi litakapopunguza mwendo. Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu chochote cha sheria za barabarani. Umejengwa na miaka ya kutazamana, kwa honi fupi, kwa taa inayowashwa na kuzimwa mara moja, na kwa konda anayetoa mkono mlangoni kuomba nafasi. Programu iliyojifunzia katika barabara pana za Arizona ingeuita mkokoteni ule jina gani, na ingelibadilisha mara ngapi kabla ya kufika?

Siwatakasi madereva wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka ulimwenguni, na usingizi, ulevi na mwendo wa kasi vina sehemu kubwa katika vifo hivyo. Mimi mwenyewe nimezika ndugu aliyeuawa na lori ambalo dereva wake alikuwa amesinzia. Mashine haisinzii. Kampuni ya Waymo imekuwa ikibeba abiria bila mtu yeyote kwenye usukani katika eneo la Phoenix tangu mwaka 2020, na baadaye San Francisco na Los Angeles, na nayaona manufaa yake waziwazi, hasa kwa mtu asiyeona, ambaye leo hawezi kwenda popote bila kuomba msaada.

Linaloniuma ni namna lawama ilivyogawanywa baada ya kifo cha Tempe. Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema kampuni ya Uber haikuwa na kosa la jinai la kujibu. Msimamizi wa gari ndiye aliyeshtakiwa, akakiri kosa mwaka 2023 na kupewa kifungo cha nje cha miaka 3. Waliokaa ofisini wakaamua mashine ifundishwe nini na isifundishwe nini, hao hawakusimama kizimbani. Hilo naliona kuwa dhuluma, kwa sababu uamuzi wa kutomhesabu mtu anayevuka pasipo na kivuko ulifanywa mchana, kwa utulivu, muda mrefu kabla ya usiku ule.

California ilionyesha njia nyingine. Mnamo Oktoba 2023 mwanamke aliyegongwa na gari la mtu mwingine huko San Francisco aliangukia mbele ya gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise, ambalo lilisimama, kisha likamburuta takriban mita 6 likijaribu kuegesha pembeni. Mwezi huohuo idara ya magari ya jimbo hilo ilisimamisha vibali vya kampuni hiyo, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba kampuni haikuieleza ukweli kamili kuhusu usalama wa magari yake.

Kampuni yoyote itakayokuja kuomba kibali cha kujaribia magari ya namna hii Dar es Salaam naomba ipelekwe kwanza Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, ituoneshe kwenye kioo cha kompyuta yake jina ambalo gari linampa mtu aliye nyuma ya magunia.