Shangazi na sanduku lenye usukani

Ukilitazama kwa mbali ni sanduku kama masanduku mengine, lile la saizi ya kuingia nalo ndani ya ndege. Ukivuta mshikio wake ndipo unagundua kwamba ule si mshikio, ni usukani. Upande wa kulia kuna kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba, na chini kuna vipande viwili vinavyokunjuliwa ili uweke miguu. Unakaa juu, unabonyeza, linaondoka na wewe.

Shangazi yangu alilikuta Sanyuanli, Guangzhou, China, kule wafanyabiashara wa Kariakoo wanakokwenda kununua mikoba kwa jumla. Muuzaji akamwonyesha kwenye kikokotoo: 13, akimaanisha kilomita kwa saa. Akafuta, akaandika 110, akajipiga tumbo kuonyesha kwamba hizo ni kilo linazobeba. Kisha akaandika bei. Shangazi akakichukua kikokotoo, akafuta kwa ukucha, akaandika bei yake. Muuzaji akashika kifua. Wakaendelea hivyo, wananyang'anyana kikokotoo bila neno la lugha yoyote, mpaka muuzaji akacheka na mimi nikakabidhiwa sanduku.

Sababu ni magoti. Kabla hatujaondoka Dar nilimwambia kwamba kiti cha magurudumu uwanja wa ndege ni bure, ukiwaarifu mapema wanakuandalia na mtu wa kukusukuma.

"Nisukumwe? Watu wa Kariakoo wanione? Baba, mimi si mgonjwa. Magoti ndiyo yanaumwa, mimi mzima."

Usiku, wakati yeye anafanya mazoezi kwenye korido ya hoteli na wapangaji wanachungulia milangoni, nilimsomea habari kwenye simu. Japani chombo kama hicho barabarani kinahesabiwa pikipiki ndogo, na mwaka 2024 polisi wa Osaka walipeleka jalada la mwanamke mmoja kwa waendesha mashtaka kwa kupanda sanduku la umeme njia ya waenda kwa miguu bila leseni.

"Sisi tunapita Japani?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi." Akakata kona.

Tatizo la kwanza lilikuwa uzito. Sanduku hilo likiwa tupu lina karibu kilo tisa, na shirika letu lilikuwa linaruhusu mzigo wa mkononi wa kilo saba. Kwa hiyo hata ukibeba mswaki peke yake umeshazidisha. Shangazi, ambaye amesafirisha mizigo tangu mimi sijavaa suruali ndefu, hakutaka hata kulijadili. Alinituma nikasimame nalo nyuma ya nguzo, yeye akaenda kaunta mikono mitupu, anatabasamu, akarudi na pasi zetu za kupandia ndege.

La pili lilikuwa betri. Masharti ya ndege kuhusu betri hizi za lithiamu si magumu: lazima iweze kuchomolewa, usiiache kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege kwa sababu ikishika moto kule hakuna wa kuizima, na umeme unaobebwa ndani yake usizidi wati-saa 100 kama hujaomba kibali. Yetu ilikuwa na 73. Najua kwa sababu niliisoma dukani. Afisa wa ukaguzi hakuweza kuisoma, kwa kuwa Shangazi alikuwa ameshaiwekea alama ya mzigo. Mtu aliyezoea kupakia kontena la kuchangia na watu haachi kitu bila alama. Alipita na kalamu ya wino mzito kwenye sanduku, kwenye chaja, kwenye kifuko cha dawa zake, na kwenye betri akaandika MAMA MIKOBA K'KOO DSM, herufi kubwa, juu ya lebo yote.

Afisa akaigeuza betri juu chini. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaigeuza. Kule China betri isiyosomeka nguvu zake hairuki, na nilishaliona pipa la plastiki ambamo vitu vya namna hiyo huishia.

"Mwambie imeandikwa jina langu," Shangazi akasema. "Ni ya kwangu."

Nilitoa kichupa cha kitakasa mikono, nikamwagia kwenye karatasi laini, nikaanza kusugua huku foleni nzima inanitazama. Ikaondoka MAMA. Ikaondoka MIKOBA. Nilipofika kwenye DSM tarakimu zikaanza kujitokeza, na yule afisa akainama na mimi, uso kwa uso, tukingoja. Ilipotokea 73 alipiga makofi mawili. Shangazi akaipokea betri yake, na nina hakika alikuwa anaitafuta kalamu.

Tulibadilisha ndege Doha. Uwanja wa Hamad una sakafu inayong'aa, pana, haina hata ufa, na Shangazi alipoiona alitulia kidogo kama mtu aliyefika kwao. Akachomeka betri. Mwanga wa nishati ulionyesha vijiti viwili tu, maana ile korido ya hoteli haikuwa bure. Akapanda, akafunga mtandio, akaondoka, mimi nyuma nimebeba mabegi yote na mfuko wa zawadi. Tukapita manukato, tukapita saa, tukapita watoto waliolala sakafuni wakaamka.

Katikati ya uwanja huo imekaa sanamu ya dubu wa njano, ya shaba, karibu mita saba kwenda juu, na taa ya mezani imetokea kichwani kwake. Ni kazi ya msanii wa Uswisi, Urs Fischer, na mwaka 2011 iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.8. Nilimpigia Shangazi kelele hiyo bei alipokuwa anaizunguka kwa raundi ya tatu.

"Milioni ngapi?"

"Sita nukta nane! Dola!"

Akapunguza mwendo. Pesa anaiheshimu.

Hapo ndipo nilipotazama ubao. Dar es Salaam, abiria wanaitwa, na geti letu liko upande wa pili kabisa.

"Panda," akasema.

"Shangazi, mwisho wake kilo 110."

"Panda!"

Nikapanda nyuma, mabegi mapajani. Shangazi peke yake nadhani alikuwa anaikaribia ile 110, lakini uzito wa shangazi hauulizwi. Akabonyeza. Sanduku likatoa sauti ya mwanamke, kwa Kichina, kwa upole, likasogea. Tulikuwa tunakwenda, sibishi. Mzee mmoja mwenye mkongojo akatupita upande wa kushoto, akageuka kututazama, akaendelea. Yule mwanamke wa ndani ya sanduku akarudia maneno yake, mara hii bila upole. Kisha kimya, na magurudumu yakasimama chini ya miguu ya dubu. Shangazi akanipa maneno ambayo siwezi kuyaandika, akiusema ukoo wote wa mama yangu. Mtalii mmoja akatupiga picha na dubu, kwa heshima, kama sehemu ya sanamu.

"Mathe," ikasema sauti nyuma yetu. Kijana wa ulinzi, na kwa lafudhi hiyo Nairobi haikuwa mbali. "Hii kitu hamuwezi panda wawili hapa."

"Mwanangu! Umejuaje sisi ni Waswahili?"

"Vile ulikuwa unamtukana huyu."

Akazungumza kwenye redio, na sasa hivi kikaja kiti cha magurudumu. Shangazi akakitazama kama kinamdai.

"Hicho si cha wagonjwa?"

"Ni cha watu hawataki kuachwa na ndege, mathe."

Akakaa. Sanduku likawekwa mapajani, na wakaondoka kwa kasi ambayo lile sanduku halijawahi kuifikia. Wenye viti hupandishwa mwanzo. Mimi nilifika nahema nikawekwa mwisho wa foleni. Nilipoingia ndani nilimkuta ameshakula karanga, amekaa dirishani, ambapo palikuwa pangu.

Dar, afisa wa forodha aliangalia usukani, akaangalia magurudumu, akalizunguka sanduku.

"Shikamoo mama. Hili ni begi au chombo cha moto?"

Niliona goti la Shangazi likikunjika. Akanishika bega, uso ukaingia maumivu ambayo sijayaona Guangzhou wala Doha.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mgonjwa. Hicho ndicho kigari changu cha kutembelea."

"Pole sana, mama. Hebu kipande tukione kinavyotembea."

Akapanda. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mbona hakiendi?"

"Kitakwendaje," Shangazi akasema, akaninyooshea kidole, "na injini imesimama tu pale imebeba mabegi?"