Mwezi Ni Mmoja, Darini Tuko Wengi

Mji wa Amu, yaani Lamu, umeupa mwezi mwandamo mgongo. Nyumba zetu zimeelekea mashariki, kwenye mkondo na kisiwa cha Manda, na mwezi mchanga huonekana magharibi, jua likishatua, nyuma ya minazi. Ndiyo maana jioni ya tarehe 29 Ramadhani utatukuta darini, shingo zimegeuka na tende ziko mkononi.

Mwaka mmoja nilikuwa darini kwa mjomba wangu, nahodha aliyestaafu. Kijana wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Ule pale!" akionyesha juu ya mnazi uliopinda. Mwenzake akasema naye anauona. Nami nikauona. Wallahi niliuona: uzi mweupe, mwembamba, umejikunja kidogo. Nikaanza kuleta takbira. Mjomba hakuinuka mkekani. Akaniuliza, "Mwanangu, pembe zimeelekea wapi?"

Nikatazama tena. Pembe zilikuwa zimeinamia chini, kule jua lilikotua.

"Basi huo si mwezi," akasema. Tumbo la mwezi mchanga ndilo huelekea jua, pembe zikatazama upande wa pili, na kwetu huku karibu na ikweta mara nyingi hulala chali kama mtumbwi. Haukupita muda ule uzi ukatawanyika. Lilikuwa wingu.

Jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Sikusema uongo. Wingu lilikuwapo kweli, lakini mwezi nilikuja nao mwenyewe darini, kwa hamu ya Idi na kwa sauti ya yule kijana. Tena kama mjomba asingeuliza, ningesimama mbele ya kadhi nikaapa.

Husimuliwa kisa cha sahaba Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipokuwa mzee wa karibu miaka 100. Watu walitoka kutafuta mwezi, yeye peke yake akasema anauona. Iyas bin Muawiya, aliyejulikana Basra kwa ukadhi na werevu wake, akamwangalia usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho. Akaupangusa kwa upole, kisha akamwomba awaonyeshe tena huo mwezi. Mzee akatazama, akasema hauoni. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakuna aliyemwita mzee mwongo, wala hakuna aliyemwambia, "Sawa, huo ni mwezi wako."

Maneno hayo ya pili ndiyo nayasikia sana siku hizi barazani: kila mtu na ukweli wake. Husemwa na watu wema, waliochoshwa na mabishano ya Idi, wanaotaka amani nyumbani ambako baba amefunga na mtoto anakula. Nawaelewa. Lakini siwaungi mkono, kwa sababu amani ya namna hiyo inanunuliwa kwa kuufuta mwezi angani.

Tuchukue ubishi wenyewe. Mwezi hujitenga na jua kwa kiasi cha nusu digrii kila saa. Ukiwa haujafika kama digrii 7, hakuna jicho litakaloona hilali, hata liwe kali namna gani. Sasa jua likitua Lamu, Morocco bado ni mchana, litatua huko saa tatu na zaidi baadaye. Katika saa hizo mwezi umezidi kusogea. Basi Mlamu akisema "haukuonekana" na Mmorocco akasema "tumeuona", wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na mwezi ukabaki mmoja. Hapo hakuna kweli mbili. Kuna watu wawili waliosimama mahali mbalimbali, kila mmoja akieleza vilivyo kile kinachoonekana aliposimama.

Kinachobaki ni kanuni: tufuate mwezi wa nani? Hilo ni jambo la wanadamu kukubaliana, na wanazuoni wametofautiana nalo kwa heshima tangu zamani. Ni kama saa. Sisi huita saa moja asubuhi, mgeni huita saba, na alfajiri haijasogea. Kosa ni kuchanganya vitu viwili hivi, tukadhani kwa kuwa hesabu ni yetu, basi na mbingu ni yetu.

Jicho nalo hujenga, sikatai. Usiku wa mwezi mpevu simama gatini uutazame ukichomoza juu ya mikoko ya Manda, mkubwa kama sinia. Nyoosha mkono, uuzibe kwa ncha ya kidole cha mwisho. Ngoja upande hadi utosini, ambako huonekana mdogo, uuzibe tena. Kidole kile kile kinatosha. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa elimu ya mwanga na kuona, mtu wa Basra naye, alilieleza hili miaka elfu moja hivi iliyopita: ukubwa ule hautoki mbinguni, unatoka katika hukumu ya nafsi juu ya umbali. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuona kwetu nako kumeundwa, ubao juu ya ubao, kama jahazi la Matondoni, kijiji chetu cha mafundi wa majahazi. Ila maji linamoelea hayakuundwa na fundi.

Na hayo maji nimeyaona yakihukumu. Ilikuwa asubuhi ya Idi iliyogawanyika, tuko kwenye boti ya kwenda Faza, kisiwani Pate. Upande mmoja wa boti ilikuwa Mfungo Mosi, yaani Shawwal imeingia, kanzu mpya na mahamri kwenye kikapu. Upande wa pili ilikuwa 30 Ramadhani, midomo mikavu. Nahodha alichelewa kung'oa, akisema maji ya Mkanda, mlango wa bahari tunamopita, yatatosha. Lakini mwezi mpya huja na bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, na bamvua kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa tatu tulikwama.

Baharia akachomeka pondo. Ikagota matope, maji yakiwa chini ya magoti. Akajaribu upande wa pili, ikagota vile vile. Mikokoni mizizi ilikuwa wazi, chaza zimeshikamana nayo juu ya vichwa vyetu, alama ya pale maji yalipofika alfajiri. Hakuna aliyebisha kuhusu kina. Mama mmoja aliyefunga akamfunikia kwa mtandio wake mtoto wa mwenye kula, jua limekuwa kali.

Karibu na saa tano maji yakawa yanarudi. Baharia akachomeka pondo tena, akanyamaza, akaichomeka mara ya pili, kisha akatuambia wanaume tushuke tusukume. Tukashuka wote.