Fundo Halikufunguka, Ndege Ndiyo Iliyofunguka

Kwa kuwa binamu yangu ameshawaeleza watu wa Lamu, kuanzia mtaa wa Mkomani hadi Langoni, kwamba jana ndege yangu ilikataa kuondoka uwanja wa Manda, kisiwa cha ng'ambo, kwa sababu ya jicho la hasidi, naona heri niseme mwenyewe: hasidi ni mimi.

Kusi lilivuma usiku kucha. Ndiyo maana, nilipotua na Cessna 172 niliyoikodi Malindi, niliifunga kwa kamba tatu, mbili za mabawa na moja ya mkia, kwa fundo alilonifundisha babu, mvuvi ambaye mashua yake haikuwahi kukatika gatini.

Asubuhi niliishika orodha ya ukaguzi kwa madaha ya mtu anayejua anatazamwa. Mkia huja mara tu baada ya chumba cha rubani, lakini nilimkuta binamu amesimama papo hapo na kanzu yake nyeupe akijipiga picha, nami, kwa kutotaka kumharibia pozi, nikasema nitarudi. Nikafungua kamba za mabawa, nikapima oili kwa kijiti, nikakinga petroli kikombeni na kuiinua juani kama sonara, nikitafuta maji. Mkiani sikurudi. (Msicheke, bado hatujafika.)

Nilipoachia breki, ndege ilisogea kama hatua mbili, kisha ikasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba yake, mfano ambao ulipaswa kunijia wakati ule, si leo. Nikadhani gurudumu limeingia shimoni, nikaongeza moto. Mkia ukatetemeka. Binamu akauliza, "Hii ni kawaida?" Nikamjibu kwa sauti nzito ya kirubani kwamba ni kawaida kabisa. Nje, mhudumu wa uwanja alikuwa akivuta kwa mikono miwili kamba isiyoonekana, halafu akaonyesha kidole nyuma yetu, halafu akajishika kichwa. Nami, ndugu zangu, nilimpungia mkono, kwa kuwa nilidhani ananiaga. Nikaongeza moto tena. Nyuma pakalia mlio wa debe linalochanwa, tukachomoka kwa kishindo, na binamu akaanza shahada.

Nilizima injini nikashuka. Fundo la babu lilikuwa palepale, zima, limekumbatia pete ya mkia pamoja na kipande cha bati ukubwa wa kiganja.

Mwenye ndege alipigiwa simu, ripoti ikaandikwa, fundi anasubiriwa. Ile picha ya binamu mnayotumiana, itazameni vizuri: nyuma ya kanzu kamba inaonekana wazi kuliko uso wake.

Tulishuka gatini kuvuka kurudi Lamu, na habari ilikuwa imetutangulia. Nahodha wa boti aliwasha injini, akanigeukia mbele ya abiria wote, akasema kwa adabu kubwa, "Kapteni, kamba nimefungua. Au waja kukagua mwenyewe?"