Baluni ya Paka

Nilipomwambia mke wangu nasuka baluni, aliuliza ni sherehe ya nani. Nikamweleza kwamba hii haipulizwi: ni kitransfoma kinachounganisha kebo ya redio na antena ya waya mbili. Akaguna.

Duara la feraiti, kauri ya kisumaku ya kuzungushia waya, niliona ni ghali, nikang'oa duara la manjano lenye ubavu mweupe kwenye pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Duara ni duara, nikajisemea. Kumbe lile ni la unga wa chuma, la kulainishia umeme wa masafa ya chini. Kwenye megahezi 7 linakula nguvu kama mchwa.

Nikazungusha waya, nikafungia ndani ya kiboksi cha plastiki, nikakiweka ukingoni mwa dirisha. Nikapima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi redioni, ambacho 1 ndiyo bora kabisa. Mawimbi ya mita 40, yaani megahezi 7: 1.2. Mita 20: 1.3. Mita 10: 1.2 tena! Mwenye akili angeshtuka, maana antena ya kweli haikosi ubishi. Mimi nikapiga picha.

Siku tatu niliwaita wapenzi wenzangu wa redio hewani kwa wati 100, tena kwa FT8, ujumbe mfupi wa kidijitali unaorusha karibu sekunde 13 mfululizo kila zamu. Kimya. Nikalaumu jua, kwamba limevuruga mawimbi. Aliyefurahi ni paka: kila nikianza kuita, anapanda dirishani na kujikunja juu ya kiboksi. Nikadhani anapenda redio.

Siku ya nne mke wangu akachungulia. "Baba Neema, zile waya zako si ndizo zimelala kwenye majani tangu jana?"

Nikatazama kipimo cha SWR. 1.3.

Nikatoka mbio. Ncha zote mbili zilikuwa zimechomoka, na redio haina habari! SWR hupima kinachorudi, na kinachogeuka joto njiani hakirudi. Hasara ya desibeli 3 tu ni nusu ya nguvu. Kiboksi changu mimi kilikuwa jiko. Nilipokiinua, kitako kimebonyea, gundi imechuruzika, manyoya ya paka yamenasa humo.

Nikanyoosha mikono, nikanunua feraiti. Safari hii nilisuka baluni mbili, nikaziunganisha mgongo kwa mgongo, nikapima nguvu inayotoka upande wa pili: pamoja zilipoteza chini ya desibeli 1, yaani kila moja chini ya nusu desibeli. SWR mita 40 sasa ni 1.8, haina mvuto wa kupigwa picha, na jioni ileile nilijibiwa na watu watatu.

Paka alipanda, akakaa dakika mbili, akanusa kiboksi, akanitazama kama fundi aliyemharibia jiko. Hajarudi dirishani.