Thamani chache, je, kundi dogo lenye ukomo? Swali la Philip Hall

Chukua neno w, kwa mfano x³ au [x,y] = xyx⁻¹y⁻¹. Weka memba wa kundi G (seti ambamo memba huzidishwa, kuna 1, na kila memba ana kinyume) mahali pa herufi, kusanya thamani zote, kisha utazame w(G), kundi dogo linalozalishwa na thamani hizo. Hall, mwanahisabati Mwingereza, aliuliza: idadi ya thamani ikiwa na ukomo, je, w(G) nalo lina ukomo?

Wanaoegemea “ndiyo” wana hoja nzito, kwani sehemu kubwa ya kazi haitegemei w ni neno gani. Kwa thamani v na memba yeyote g, gvg⁻¹ ni thamani vilevile. Thamani zikiwa m, memba wanaobadilishana nazo zote (gv = vg) huunda kundi dogo lenye fahirisi isiyozidi m!, yaani nakala zake zilizosogezwa zinazolijaza G hazizidi m!. Hivyo kitovu cha w(G), yaani memba wake wanaobadilishana na wenzao wote, kina fahirisi yenye ukomo ndani ya w(G), na kwa nadharia ya Schur komyuteta za w(G), yaani thamani za [x,y] ndani yake, huzalisha kundi lenye ukomo. Ukiligawa w(G) kwa kundi hilo, unabaki na kundi la Abeli, ambamo memba wote hubadilishana, lenye vizalishi m au pungufu. Hatari ni moja tu: thamani yenye oda isiyo na ukomo, yaani ambayo hakuna kipeo chanya kinachoifanya 1.

Hapo ndipo maneno yanapoachana. Ikiwa jumla ya vipeo vya x ndani ya w ni k, nayo si 0, weka 1 mahali pa herufi nyingine: kila gᵏ ni thamani. Memba mmoja tu mwenye oda isiyo na ukomo angetoa thamani zisizokwisha, kwa hiyo hayupo. Kwa [x,y] njia ni nyingine: hgh⁻¹ = [h,g]g, basi kila g ana wenzi wasiozidi m wa umbo hilo. Chagua memba wachache wanaotoa komyuteta zote; kundi H wanalolizalisha lina kitovu chenye fahirisi yenye ukomo, na Schur anamaliza. Mwaka 1974 Jeremy Wilson alithibitisha jambo hilo kwa komyuteta zilizopachikwa ndani ya nyingine, mradi kila herufi itumike mara moja.

Herufi ikirudiwa, mambo huweza kuharibika. Mwaka 1989 Sergei Ivanov alitumia neno [[xᵖⁿ,yᵖⁿ]ⁿ,yᵖⁿ]ⁿ, n ikiwa witiri inayozidi 10¹⁰ na p namba tasa inayozidi 5000. Katika kundi lake lenye vizalishi 2, neno hilo lina thamani 2 tu: 1, na kizalishi cha kitovu ambacho ni cha mzunguko usio na ukomo. Jibu la jumla ni “hapana”, bila shaka yoyote.

Lakini kundi hilo halitenganishiki kwa fahirisi zenye ukomo, na kwangu hili ndilo la kutazama. Kundi hutenganishika ikiwa kila memba asiye 1 yuko nje ya kundi dogo fulani la kawaida lenye fahirisi yenye ukomo; la kawaida maana yake gNg⁻¹ = N kwa kila g. Katika makundi yanayotenganishika, idadi ya thamani ikiwa na ukomo, daima kuna kundi dogo la kawaida N, lenye fahirisi yenye ukomo, lisilo na thamani yoyote ila 1. Basi w ni kanuni ndani ya N: kila ukiweka memba wa N, unapata 1. Huo ni mshiko mkubwa, na swali kwa makundi haya bado liko wazi. Naegemea “ndiyo”, ingawa mshiko huo hausemi lolote kuhusu thamani ambazo baadhi ya herufi zake zimetoka N na nyingine nje yake. Uthibitisho unakwama hapo.

Kuna ugumu wa pili. Neno likipata jibu “ndiyo” katika makundi yote, hoja ya zao-ultra (njia ya kuunganisha makundi mengi kuwa kundi moja) hutoa kikomo cha ukubwa wa w(G) kinachotegemea w na m pekee. Zao-ultra la makundi yanayotenganishika huenda lisitenganishike, kwa hiyo huko kikomo hicho hutafutwa kwa uthibitisho wake chenyewe.