Kazi za chuoni kwa wanafunzi wasio na uwezo: fedha zinaenda wapi?

Nchini Marekani, mwanafunzi anayetoka familia isiyo na uwezo anaweza kupewa kazi chuoni huku sehemu kubwa ya ujira wake ikilipwa na serikali kuu. Mpango huo, Federal Work-Study, ulianzishwa na sheria ya mwaka 1964 ya kupambana na umaskini chini ya Rais Lyndon Johnson. Kwa kawaida serikali hutoa hadi asilimia 75 ya mshahara, na mwajiri, ambaye mara nyingi ni chuo chenyewe, hujazia.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kazi iko karibu na darasa, na msimamizi wa zamu maktaba anaijua ratiba ya mitihani. Halafu kipato hicho hakihesabiwi mwanafunzi anapoomba tena msaada, ilhali mshahara wa mgahawani ukizidi kiwango fulani unaweza kumpunguzia msaada huo.

Lakini itazame barua ya msaada anayopokea mwanafunzi kutoka chuoni. Ruzuku, mkopo, kisha Work-Study, tuseme dola 2,500, na chini yake jumla. Mzazi anaipunguza jumla hiyo kwenye ada na kupumua. Kumbe zile 2,500 bado hazipo! Kijana lazima atafute nafasi, akubaliwe, afanye kazi, ndipo alipwe kidogo kidogo, wakati ada inadaiwa mwanzoni mwa muhula. Nafasi zikijaa, hapati kitu. Kuiweka ahadi ya namna hiyo safu moja na ruzuku ni kumpotosha mtu anayehesabu kila senti.

Je, kazi hizo zinadhuru masomo? Utafiti wa Judith Scott-Clayton na Veronica Minaya unaonyesha kwamba jibu linategemea mwanafunzi. Takriban nusu ya walio katika mpango wangefanya kazi hata usingekuwepo. Hao hupunguza saa za kazi na masomo yao huimarika. Kwa ambao wasingefanya kazi kabisa mambo hugeuka: masomo huyumba, ila ajira baada ya chuo huwa na nafuu.

Kwa hiyo msaada ungepaswa kumfikia kwanza yule ambaye hana budi kufanya kazi, na wengi wa namna hiyo wako kwenye vyuo vya umma na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya gharama nafuu vya kozi za miaka miwili. Hapo ndipo mpango unaponikera. Kanuni ya kuvigawia vyuo fedha hizo inavilinda vilivyoingia kwenye mpango zamani, kwa hiyo vyuo binafsi vya miaka mingi, vingine vyenye utajiri mkubwa, hupata fungu nono kuliko idadi ya maskini wao.

Wapo wanaosema bora fedha zote zigeuzwe ruzuku. Siwaungi mkono, maana anayehitaji kipato cha kila mwezi ataendelea kutafuta kibarua, na cha nje ya chuo hakimsubiri amalize mtihani. Mgawo ufuate idadi ya wanafunzi wahitaji, na kiasi cha Work-Study kisihesabiwe kwenye jumla ya barua mpaka mwanafunzi awe amepata kazi yenyewe.