Bustani ya shule: ombeni maji na mboji kabla ya majembe

Barua nyingi za kuombea bustani ya shule huanza na majembe na mbegu. Huko ni kuanzia mwisho. Jembe huazimwa kwa mzazi. Maji hayaazimwi, na mbegu bora kwenye udongo mkavu uliochoka ni hasara tu.

Pigeni hesabu kwanza. Wakati wa jua kali, tuta la mita 1.2 kwa 3 linahitaji kama lita 15 hadi 18 kwa siku. Matuta kumi yanakaribia lita 180, likizo ikiwemo (na likizo huua bustani kuliko wadudu). Paa la darasa husaidia: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 10 juu ya mita za mraba 100 ni lita 1,000, kasoro zinazomwagika. Basi ombeni gata na tangi lenye mfuniko. Pipa lililowahi kuwekwa dawa za shamba, likataeni hata likiwa la bure.

Mboji haihitaji mfadhili. Mafungu mawili au matatu ya majani makavu kwa moja la mabaki mabichi, lundo la mita moja kila upande, unyevu wa sponji iliyokamuliwa. Likinuka, maji yamezidi na hewa haipiti: ligeuzeni, ongezeni makavu.

Samadi ya kupewa ndiyo yenye mtego. Mifugo ikila nyasi zilizopuliziwa aina fulani za dawa ya magugu, sumu hupita tumboni na kubaki kwenye kinyesi, hata kikishaoza. Changanyeni samadi kidogo na udongo ndani ya kopo, pandeni maharage, na kopo jingine liwe na udongo mtupu. Baada ya wiki tatu, majani machanga yakijikunja kwenye kopo la samadi pekee, mzigo huo usifike kwenye matuta.

Mbegu za zamani msizitupe bila kuzijaribu: 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikiota 10, pandeni mara mbili ya kawaida. Mkitaka kujiwekea mbegu, epukeni mbegu chotara, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili. Kizazi chao hakifanani na mama.

Na barua isiseme “msaada wa bustani”, maana mtaletewa majembe ya watu wazima yanayowashinda watoto. Andikeni: tangi 1 la lita 1,000, gata mita 10, vijembe vya mkono 6. Sita vinatosha, tuta dogo halichukui watoto zaidi ya hao bila kukanyaga miche.